Mzuri Kweli?

Jumamosi, Onduparaka, pembezoni mwa Arua. Mvua imekatika saa tisa hivi na uwanja umejaa maji, lakini mpira unachezwa vilevile. Timu ya nyumbani imefunga bao. Mtaa mzima umelipuka kwa kelele, na mpangaji mwenzangu amenigongea ukuta ili tushangilie pamoja. Nami nimegonga. Sijasikia kitu.

Moyoni, nataka kusema. Masikio ni mazima.

Ndivyo nilivyo tangu tumzike Baba kijijini kwetu Kuluba. Nakula, nalala, sijalia hata mara moja. Nasomea saikolojia, kwa hiyo jina la hali hii nalijua. Kulijua hakujanisaidia chochote.

Kwa wasionijua: niko idara ya saikolojia katika chuo kimoja hapa Arua, Uganda, na ninachochunguza ni namna watu wanavyoelewana na simu na kompyuta. Nyumbani walishakata tamaa ya kunielewa. Shangazi huwaambia majirani kwamba ninatibu simu zenye wazimu.

Utafiti wangu ni programu ya simu kwa wanawake wa soko la Koboko, wengi wao wakimbizi kutoka Sudan Kusini. Kila asubuhi simu inalia na kuuliza, "Habari ya leo?" Chini yake kuna nyuso tano, kuanzia unaolia hadi unaocheka. Mtu akigusa uso wa huzuni, ujumbe unakuja kwangu, nami namwarifu mshauri ampigie.

Haujawahi kuja ujumbe hata mmoja. Msimamizi wangu, Daktari Candiru, alifurahi sana. Alisema niandike matokeo upesi ili nihitimu mwaka huu.

Jana nilikwenda Koboko kuwashukuru. Mama Poni, anayeuza simsim, nilimkuta amezungukwa na wenzake, kitambaa usoni. Alikuwa amepata habari kutoka kwao Yei: kaka yake amefariki. Nikakaa chini pamoja nao. Hapo simu yake ikalia, kwa mlio ule niliouchagua mwenyewe. Mama Poni akafuta vidole kwenye kitenge, akagusa uso unaocheka, akairudisha simu kifuani, akaendelea kulia.

Nilimuuliza polepole kwa nini amegusa ule.

"Si iko nasalimia mimi?" akasema. "Kila siku asubuhi iko nasalimia. Simu yako iko na heshima, binti yangu. Mutu akisalimia wewe, si wewe najibu mzuri?" Kisha akanitazama. "Na wewe? Nyumbani mzuri?"

"Mzuri, Mama."

Kinywa kilijibu chenyewe.

Kabla ya kuondoka nilimpigia mshauri, akaahidi kuja kumwona. Njia nzima ya kurudi Arua nilikuwa namfikiria Baba.

Baba alikuwa askari mstaafu, na Kiswahili chetu cha nyumbani ni kile cha kambini. Alikuwa na tabia ya kumsalimia kila mtu mara mbili. "Habari?" Mzuri. Halafu anashusha sauti: "Mzuri kweli?" Hapo ndipo mambo yalipotoka: mtoto ana homa, mume katoroka, mihogo imeoza shambani. Tulipokuwa wadogo ilituudhi, maana kwenda dukani na Baba kulikula asubuhi nzima. Nimekulia ndani ya salamu hiyo, halafu nikachukua nusu yake nikaiweka kwenye simu, nikaiita utafiti.

Na wale wanawake wengine? Nani kati yao alikuwa anazama huku anagusa uso unaocheka? Sijui. Hilo linanitia woga, ingawa hata woga wenyewe nausikia kwa mbali, kama redio ya jirani.

Leo asubuhi nimempigia Daktari Candiru nikamwambia matokeo hayafai. Akanionya:

"Ukianza upya, Zamzam, mwaka huu hutahitimu."

Nimesema najua. Baba alikuwa ameshashonesha suti ya kuvaa kwenye mahafali yangu, bado imetundikwa chumbani kwake. Nilidhani nikiikumbuka angalau chozi litatoka. Halikutoka.

Mchana nimeongeza swali la pili kwenye programu, kisha nikaijaribu kwenye simu yangu.

"Habari ya leo?" Nikagusa uso unaocheka, bila kufikiri.

"Mzuri kweli?"

Nimezitazama zile nyuso tano. Silii. Sicheki. Hata ule wa katikati, wenye mdomo ulionyooka, ulionekana una maoni yake. Basi nikaifungua programu tena, nikaongeza kitufe cha sita. Hakina uso, kina maneno tu: Niko tu. Nikakiweka kundi moja na vile vya huzuni. Nikakigusa.

Simu ikatetemeka mkononi. Ujumbe wa kwanza tangu utafiti uanze.

"Zamzam hayuko sawa. Tafadhali apigiwe."

Nimeusoma tena na tena. Maneno hayo niliyaandika mwenyewe, kwa ajili ya watu wengine.

Uwanjani wamefunga tena.

Kesho nitampigia Mama kule Kuluba. Nitamsalimia, atasema mzuri, kama anavyosema kila Jumapili tangu mazishi. Nami kila Jumapili nimekuwa nikishukuru na kukata simu. Kesho sitakata. Nitamuuliza mara ya pili.