Gari Lililolazwa Kwenye Pumba

Katindiuka, Ifakara

Kwa Baba yangu, Mzee Masanja,

Shikamoo Baba. Naamini barua hii itakukuta umekaa nje kwenye kiti chako, jua la asubuhi likiwa bado halijawa kali. Macho yanaendeleaje? Kabula aliniambia kwamba siku hizi watu unawatambua kwa sauti, na kwamba jirani akikusalimu kwa sauti ya mafua unamuuliza jina. Na kikohozi, kimepungua? Yule ng'ombe mweupe ameshazaa? Mimi nipo, mzima wa mwili, nakula, nalala. Ila nimechoka Baba, na ni uchovu ambao usingizi hauutoi.

Dada Kabula, wewe unayesoma, nakuomba usiruke mstari hata mmoja. Nakufahamu. Ukiona neno litakalomuumiza Baba unalimeza na kuweka lako. Leo usimeze.

Baba, utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Ni kwa sababu kwenye simu nimekuwa nikikudanganya. Kila ukipiga, hata salamu haijaisha, unauliza, "Linawaka?" Nami najibu, "Bado kidogo Baba, limebaki rangi tu." Nimekuwa nikijibu hivyo tangu mavuno ya mwaka juzi. Hakuna gari duniani linalosubiri rangi muda wote huo, na nadhani hata wewe ulishajua, ila ulinistahi. Mdomo wangu ukisikia sauti yako unakuwa mwoga. Kalamu ina nafuu.

Nianze mwanzo. Nilipokuja huku kuchomelea pawatila, hizi trekta ndogo za mkono wanazolimia mpunga, uliniambia neno moja tu stendi: "Mtafute Mponda. Ana gari langu." Nikamtafuta. Baba Mdogo Mponda, ndivyo ninavyomwita huyu rafiki yako, alinipokea kama mtoto aliyemzaa mwenyewe, akanikalisha, akanipa wali na kambale, na alipokuja kuniuliza habari zako aliuliza kwanza kama bado unapiga mluzi ukifanya kazi. Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye banda la makuti, akasema, "Haya, mwone mke mwenza wa mama yako."

Gari lilikuwa limezikwa kwenye pumba za mpunga mpaka usawa wa madirisha. Juu tu ndiko kulikoonekana, paa na kioo na kipande cha boneti. Alifuta vumbi kwa kiganja, na Baba, chini ya vumbi kulikuwa na wekundu uleule uliokuwa ukitusimulia. Wekundu wa pilipili iliyoiva. Nilikupigia palepale, unakumbuka? Nilikuambia, "Baba, lipo kama ulivyoliacha!" Ukaniambia nikutafutie kiti cha kushoto, alichokalia Mama siku mlipokwenda Mang'ula, yeye na kuku wake mapajani, mkila upepo na watu wakitoka mashambani kuwashangaa. Sikuona kiti siku ile, kilikuwa chini ya pumba. Nikakuambia kipo.

Baba Mdogo alinieleza kwa fahari jinsi alivyolitunza. Yule mhandisi Mzungu uliyemfanyia kazi huku, aliyekuachia gari, aliondoka, wewe nawe ukarudi Usukumani kumuuguza Babu, ukamwambia, "Mponda, nitunzie." Yeye ni mkulima wa mpunga. Kitu cha thamani anakitunza jinsi anavyokijua. Mayai anayaweka kwenye pumba, ndizi anaziivisha kwenye pumba, sahani za harusi ya binti yake alizipakia kwenye pumba zikafika Idete bila kuvunjika hata moja. Basi na gari lako akalilaza kwenye pumba, zikajaa ndani na kulizunguka nje, lisipigwe na jua wala vumbi. Na kila baada ya mavuno alikwenda mashineni na mkokoteni, akaleta pumba mpya akaongeza juu. Miaka yote hiyo hakuwahi kuacha. Za chini hakuzitoa hata siku moja.

Tulilivuta kwa pawatila hadi nyumbani kwangu, kwenye kibanda nilichoezeka mwenyewe nyuma ya chumba ninachopanga. Wiki ya kwanza nilifagia pumba. Za juu zilikuwa kavu, zinapeperuka. Za katikati zilikuwa zimeshikana. Za chini, Baba, zilikuwa nyeusi na mbichi kama mbolea, nilizitoa kwa sepetu. Unajua mto Lumemo ukifurika maji yanaingia mpaka majumbani. Yakiingia kwenye gari lililo tupu, yatatoka na jua litalikausha. Kwenye pumba yalikaa. Mafuriko yalikwisha, watu wakasahau, zile pumba bado zimekumbatia maji na kuyabana kwenye chuma. Kwa hiyo gari lako lilikuwa zima kuanzia kiunoni kwenda juu. Chini lilikuwa limeliwa.

Nilijua siku ile. Ndicho ninachotaka ukisikie. Nilijua wiki ya kwanza, na bado ukipiga nikasema linakwenda vizuri.

Basi nikaanza kupigana nalo. Mchana natengeneza pawatila za watu, na msimu wa kulima ukifika kila mtu anataka yake leo, mvua haingoji. Nikirudi jioni, kabla giza halijaingia, nalala chali chini ya gari lako. Injini ilikuwa imekwama. Niliiloweka mafuta, nikawa naisukuma kidogo kidogo kila siku, hata ilipokubali kuzunguka nilikaa chini nikacheka peke yangu. Kabureta nimeifungua mpaka naijua kuliko viatu vyangu. Lakini ile sakafu! Nikichomelea bati hapa, moto unakula tundu pale. Nikiziba pale, la pili linafunguka kando yake. Baba Mdogo alikuwa anakuja kunitazama, anakaa kwenye ndoo anatafuna muwa na kunichokoza. "Ninyi Wasukuma mmezoea ng'ombe," anasema. "Hilo halipigwi fimbo likatembea." Nami namwambia Wandamba wamezoea mitumbwi, ndiyo maana gari wamelifuga majini. Anacheka mpaka anakohoa. Sikujua kama mzaha wangu siku moja utamchoma.

Sasa nikueleze ya Jumapili. Si hii, ya majuma mawili yaliyopita. Baba Mdogo alitoka kanisani na koti lake la suti, akapitia kwangu. Nilikuwa nimemaliza kufunga plagi. Nikawasha, na Baba, likawaka. Halikukohoa wala kubembelezwa, lilinguruma mara moja, kuku wa mtaa mzima wakaruka uzio. Watu wakaja. Mama mwenye nyumba wangu akaja na mwiko mkononi. Baba Mdogo akasema, "Nipishe usukani. Rafiki yangu aliniachia mimi, wa kwanza kuliendesha ni mimi." Nani amkatalie? Nikampisha, mimi nikazunguka nikakaa kushoto, kwenye kiti cha Mama.

Nilikaa pale na nikamuwaza, Baba. Nilihisi kama nikishusha macho nitaona yule kuku.

Likaenda. Hatua kumi, kumi na tano, watu wanapiga vigelegele. Halafu nikasikia chini yangu kitu kinachanika kama kanga kuukuu, na kiti kikadondoka na mimi kupitia sakafuni. Nilikaa chini, mavumbini, kitini, gari likanisukuma kidogo likasimama. Watu walicheka mpaka wakashikana. Hata mimi nilicheka. Baba Mdogo aliteremka akapiga magoti kunitazama kama nimeumia, akaanza naye kucheka.

Kisha nikaingia chini na bisibisi. Niligonga ile chesisi, mgongo wa chuma unaobeba gari zima, nikasikia inajibu kwa sauti ya kiazi. Nikasukuma bisibisi ikazama yote bila nguvu. Nilipoichomoa, pumba zikamwagika. Zilikuwa ndani ya chuma, Baba, zimejipenyeza kwenye matundu miaka yote, mbichi mpaka leo. Kila nilipokuwa nachomelea bati juu, nilikuwa nashonea kiraka kwenye nguo iliyokwisha oza.

Baba Mdogo aliinama akazichota. Akazinusa. Watu walikuwa bado wanacheka.

"Hizi ni zangu," akasema.

"Baba Mdogo, ni maji tu."

"Maji yalikuja yakaondoka. Mimi ndiye niliyeyabakiza humu." Akazifunga kwenye leso yake ya kanisani, sijui kwa nini. "Mwanangu, usimwandikie baba yako. Mwambie lolote. Mwambie limeungua."

Siku tisa hakuja. Mkewe, Mama Mdogo, aliniambia hali chakula, anakaa kwenye lile banda lililobaki bila gari. Nikamfuata. Nilimkuta ametoa pumba zote, amefagia sakafu hadi udongo unang'aa. Nikamwambia kwamba mimi ndiye mwongo hapa, kwamba nilijua tangu mwanzo nikaficha. Alinisikiliza. Jana akaja kwangu asubuhi, amechomekea, kama mtu anayekwenda barazani. Akasema, "Mwandikie. Mwambie ni mimi Mponda, na kwamba nililipenda."

Nakusihi Baba, usimkasirikie. Hajawahi kuiba hata nati moja ya kitu chako. Alikitunza kwa kitu alichokiamini kuliko vyote. Kama ni hasira, niwekee mimi, maana yeye alikosea kwa kutojua.

Huo ndio ukweli wa gari. Injini ni nzima, inanguruma kama ulivyokuwa ukiiga kwa mdomo tukiwa watoto. Juu ni zuri. Mgongo umekwisha. Ili litembee kuja huko inabidi nilifumue lote, nitengeneze chesisi upya, na kwa mikono hii miwili ya jioni ni mwaka mwingine, au zaidi. Ukiniambia niendelee nitaendelea, sitanung'unika.

Lakini kuna jambo lingine. Tulipomzika Mama nilikuambia sitakanyaga tena nyumbani kwa basi, nitakuja nikikuendeshea gari lako. Nililisema kwa kiburi cha kijana mwenye uchungu, likanifunga. Krismasi zimepita nikiwa chini ya hilo gari. Watoto wa Kabula wananijua kwa sauti ya simu. Na juma lililopita Kabula alinieleza kwamba umelijengea gari banda, kwamba nguzo umezipapasa moja moja mwenyewe na kuwataka vijana wainue bati juu zaidi ili lisikwaruze paa. Gari lenyewe, Baba, linanifika kifuani. Niliweka simu chini na sikuweza kushika tena mashine ya kuchomelea siku ile. Nililia, sikufichi.

Nisalimie Dada Kabula, ambaye natumaini hajaruka kitu, na shemeji yangu mumewe aliyepanda juu ya bati kwa ajili yangu. Msalimie Shangazi Mbuke, umwambie mchele wa huku nitamletea. Wasalimie wajomba na mzee wa kanisa aliyetuongozea ibada ya Mama. Baba Mdogo Mponda anakupa mkono. Anaogopa kukuuliza, kwa hiyo nakuuliza mimi: nikija, naweza kuja naye? Anataka kukuomba msamaha akiwa mbele yako, hata kama hutamwona, aone wewe unavyomsikia.

Nitakileta kiti cha Mama. Kilikuwa juu ya maji, kitambaa kimechakaa ila fremu ni imara, kitaingia kwenye buti la basi. Uketi uwe unaota jua.

Na lile banda, Baba, usiwaruhusu walibomoe. Mwambie Kabula aweke kitanda humo. Nitalala mimi.

Mwanao,
Shija