Jino la Zubeda

Jumamosi, 12 Julai
Nimefua sare. Nimenakili kurasa mbili za fikihi. Zubeda ameng'oka jino, la mbele, juu, kushoto. Tulikuwa tukitoka madrasa, yeye nyuma yangu, akiniiga ninavyosoma: sauti ya kuku mwenye mafua. Mlango wa chuma ukampiga mdomoni. Nikasema umeniponyoka. Wote wameamini. Mimi ndiye mpole wa darasa.

Jumapili, 13 Julai
Somo la leo: kisasi na dia. Kwa nini tufike hapo leo? Anayeng'olewa jino kwa kusudi ana haki tatu: adai jino kwa jino, au apokee dia, yaani fidia, au asamehe. La bahati mbaya halina kisasi, ni dia tu. Ngamia watano. Darasa likacheka. Ngamia gani hapa Kisenyi? Zubeda hakuwepo. Nilikaa nikigusa meno yangu kwa ulimi.

Jumanne, 15 Julai
Baba ameenda na sheikh kwa kina Zubeda. Baba ni polisi, kazi yake kuhoji watu. Mimi hakunihoji. Wamepatana kuwa ni bahati mbaya, na Baba atalipia jino la bandia. Amerudi amechoka.
"Maneno imeisha," akasema. "Soma vitabu yako."
Sikula.

Alhamisi, 17 Julai
Sura ile ya kisasi nimeisoma mara nne, natafuta pa kujificha. Hakuna. Niligeuka, nikamwona, nikasukuma mlango. Hilo ni kusudi. Najua hakuna atakayeniletea koleo, lakini darasani, katikati ya hesabu, naliona. Baba analipa dia ya bahati mbaya ambayo haikuwepo. Na Zubeda hakuulizwa anataka nini. Nimemnyang'anya hata hilo.
Siwezi kukaa mahali pamoja.

Jumamosi, 19 Julai
Zubeda amerudi, mdomo kaufunika kwa ushungi. Hakumwiga mtu. Nilimsubiri kwenye bomba la udhu.
"Mlango haukuniponyoka. Nilikusudia. Kuchagua ni haki yako."
"Najua. Nilikuona ukigeuka."
Nikamuuliza mbona hakusema.
"Nani angeniamini, Profesa? Fungua mdomo."
Nikafungua. Nikafumba macho. Akaligonga kwa ukucha, mara mbili, la mbele, juu, kushoto.
"Hili langu," akasema. "Kaa nalo."
Akaenda kutawadha.
Jioni nimemwambia Baba. Hakunipiga. Amesema kesho tunarudi kwao, na safari hii nitasema mimi.

Jumapili, 20 Julai
Nimesema, mbele ya mama yake Zubeda na sheikh. Sauti ya kuku kabisa. Mama yake alilia. Sheikh akamuuliza Zubeda anachagua nini. Akasema ameshachagua, Baba alipie jino basi, mengine anajua yeye na mimi.

Jumatatu, 21 Julai
Mvua. Nimepiga mswaki kabla ya shule. Lile moja nimelisugua polepole, kama kitu cha mtu.