Nilimwambia Mwenye Nyumba Umesafiri

Mama Neema wangu,

Tumehama. Nimeona nikuandikie sasa, kabla sijazoea, maana nikishazoea nitasahau tulivyofika hapa, na wewe hupendi kusimuliwa habari nusunusu.

Unakumbuka tulivyoingia vile vyumba viwili vya kupanga, mtaa wa Sogea? Ulikuwa na mimba ya Neema. Ulisimama katikati ya chumba na ndoo mkononi, ukatazama dari, ukasema, "Mwaka mmoja tu hapa, Baba Neema." Mtoto hajazaliwa, hatujui ni wa kike au wa kiume, wewe umeshampa jina na mimi umeshanipa langu. Tukakaa miaka minane na wewe, na miwili bila wewe.

Jumapili tukitoka ibadani ulikuwa hutaki turudi kwa njia fupi. Ulitaka tuzunguke, tuangalie nyumba za watu. Ulikuwa unazisema moja moja kama mwalimu anayesahihisha madaftari. "Huyu kaweka mlango upande unaotoka upepo. Vumbi lote la malori litaishia kwenye ugali wake." Mimi nilikuwa nacheka tu huku nimembeba Neema mabegani. Sikujua kwamba siku moja nitakuja kuyahitaji maneno hayo nikiwa peke yangu.

Mwenye nyumba alikuja asubuhi moja, akakaa kwenye kigoda chetu kwa heshima zote, akasema anabomoa. Anataka kujenga nyumba ya wageni, kwa sababu madereva wamekuwa wengi na wanalala ndani ya magari. Alitupa miezi mitatu. Akiba tuliyoanza wewe na mimi nilikuwa sijaigusa, hata wakati wa ugonjwa ulinikataza. Kwa hiyo nikasema sipangi tena. Nanunua.

Sasa kununua nyumba, mama, ni kazi ya mtu asiye na kazi nyingine. Nilimpata dalali mmoja, Side, kijana msemaji sana. Kila nyumba kwake ilikuwa ya kukimbilia. "Baba Neema, njoo sasa hivi, hii haifiki jioni." Na hiyo sasa hivi ilikuwa inanikuta niko chini ya lori natengeneza umeme wake kwenye foleni ya mpakani, nyaya mdomoni, dereva wa Kizambia ananisimamia kichwani, "Bashi Neema," ndiyo Baba Neema kwa lugha ya kwao, "leo navuka au sivuki?" Au inanikuta nahangaika na nywele za Tusekile. Neema ananyolewa kama wanafunzi wote, lakini mdogo wake anataka mabutu mawili yaliyo sawa, na mimi sijawahi kuyatoa yakiwa sawa hata siku moja.

Nyumba ya kwanza tulifika ikiwa imeuzwa asubuhi hiyo hiyo. Ya pili nilikwenda na ovaroli yangu ya kazini, na Side alikuwa amechelewa. Mwenye nyumba akanipokea mlangoni, akanipeleka moja kwa moja kwenye mita ya umeme. "Tatizo liko hapa, fundi. Umeme unazimika kila ukiwasha pasi." Nikaona aibu kumkatiza. Nikaitengeneza. Nilipomaliza ndipo nikamwambia mimi ndiye mnunuzi. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, akasema nyumba bado anaifikiria.

Ya tatu ilikuwa na kalenda kubwa ukutani sebuleni. Neema, unaijua mikono yake, akaifunua. Nyuma yake kulikuwa na ufa ambao mkono wake ulipita mpaka kwenye kiwiko. "Baba, naona nje!" Na ya nne, Tusekile akatapika kwenye zulia la watu.

Ningekusimulia haya ungecheka mpaka ukae chini. Shida zenyewe si kubwa, kila mtu anazipata. Kilichonichosha ni kurudi na kisa kizuri kama kile cha mita, nikiwa nimekipanga njia nzima jinsi nitakavyokisema, halafu nafungua mlango na hakuna wa kumwambia. Wanangu wananipenda, lakini wao wanataka kula.

Ndipo tukaipata ya kule Mpemba, nje kidogo ya mji. Ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu, uwanja wa kutosha bustani ya mboga. Mwenye nyumba ni Bi Zuhura, mama mtu mzima, wa umri ambao wewe hukuufikia, aliyekuja Tunduma na mumewe kutoka Kigoma kufanya biashara ya mchele. Mume alikwisha fariki, naye alikuwa anarudi kwa watoto wake. Alinitembeza kote, kisha akasimama kwenye mlango wa jiko.

"Mimi siuzi nyumba kwa mwanamume peke yake," akasema. "Wanaume hamjui jiko. Mlete mama watoto aone, akiridhika tutaongea. Yuko wapi?"

Nikasema, "Amesafiri. Yuko kwao, Itumba."

Sijui ilitoka wapi. Wala siwezi kusema ni uongo mtupu, kwa sababu Itumba ndiko ulikolala, pale juu karibu na kwa kaka yako. Lakini nilivyolisema lilikuwa jambo la kawaida, la mke aliyekwenda kusalimia nyumbani na atarudi na ndizi. Na nitakuambia ukweli, lilinipendeza. Nilitembea kurudi mjini kama mtu mwenye mke aliyesafiri.

Wiki iliyofuata nikaenda tena. "Hajarudi?" "Bado, mama. Kuna shughuli za familia." Wiki ya tatu akaniuliza kama unaumwa, nikasema hapana. Side naye alikuwa ananipigia simu kila siku. Kuna mwenye malori amekuja na anataka ile nyumba aifanye ghala. "Mlete mkeo, Baba Neema! Kwani Itumba ni Ulaya?" Side naye alikuwa hajui. Nilikuwa sijamwambia.

Mara ya nne nilikuwa na Neema, kwa sababu nilikuwa nimetoka kumchukua shuleni na sikuwa na pa kumwacha. Bi Zuhura akampa karanga, akamkalisha karibu yake, akamuuliza kwa upole, "Mama yako anarudi lini, mjukuu wangu?"

Neema akanitazama. Nami nikatazama chini.

"Jumamosi," akasema.

Tukaaga, tukatoka. Tulipofika barabara ya lami akaniuliza, "Baba, nimesema vibaya?"

"Kwa nini umesema Jumamosi?"

"Niliona umekwama."

Mtoto wa miaka kumi, mama. Nilimshika mkono tukavuka barabara katikati ya malori. Siku ya kukuzika nilimwambia tusifichane kitu, sisi watatu. Sasa yeye ndiye ananisaidia kuficha.

Asubuhi yake nilitoka kazini, nikaenda Mpemba. Bi Zuhura alikuwa uani anachagua mchele kwenye ungo. Sikungoja kukaribishwa kiti.

"Mama, mke wangu hajasafiri. Amefariki. Ni mwaka wa pili sasa."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Umenidanganya wiki tatu. Mtu mzima kama mimi."

"Nisamehe, mama."

"Na mtoto?"

"Alikuwa ananisaidia mimi."

Akatoa kokoto moja kwenye ungo, akaitupa, nami nikajua nyumba imekwenda. Kisha akauliza, "Alikuwa anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo, jina halikutoka. Kwa miaka miwili watu wananiambia marehemu, mama watoto, mwenzako. Mimi mwenyewe hata nikiwa peke yangu nakuita Mama Neema. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Atupele," nikasema. Ndipo nikalia, mbele ya mama wa watu, na ovaroli yangu.

Hakuninyamazisha. Aliendelea na mchele wake mpaka nilipomaliza. Akasema, "Huyo Atupele angefika hapa, angeuliza nini?"

"Angeuliza upepo unatoka wapi."

Akacheka, akainuka, akanipeleka chumba cha nyuma. "Basi wewe usingejua kuuliza. Kiangazi vumbi linaingia hapa, dirisha hili halifungi vizuri. Yule mwenye malori sikumwambia." Akafuta mikono kwenye kanga. "Mtoto amesema Jumamosi. Njoo Jumamosi na mashahidi wako."

Tuliandikishana kwenye ofisi ya mtaa. Mtendaji alipofika kwenye mstari wa mke nikamwambia amefariki. Akasema pole, akachora kistari, akaendelea na mstari unaofuata. Nilikiangalia kile kistari mpaka wino ulipokauka. Nje Side akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Tumehama juzi, Jumamosi nyingine. Kaka yako alishuka na basi dogo kutoka Itumba na mkungu wa ndizi, wazee wa kanisa wakaja kuomba, majirani wakaleta kuku. Watu wakanipongeza sana. "Hongera, Baba Neema, umekuwa mwanaume." Nilishukuru kila mmoja. Nilikuwa nacheka na nilikuwa mpweke kama sijawahi kuwa, hata msibani sikuwa hivyo, maana msibani watu wote walikuwa wanakulilia wewe. Hapa hakuna aliyekutaja.

Jana mchana, wageni walipokwisha kuondoka na Neema akiwa nje anafua sare zake, nilijikuta nimesimama sebuleni naongea kwa sauti. "Hapa ndipo nitaweka lile kabati lako. Huku watalala watoto. Dirisha hili nitalitengeneza kabla ya kiangazi." Nilipita chumba hadi chumba hivyo hivyo. Nilipogeuka nikamkuta Tusekile nyuma yangu, butu moja juu na jingine chini.

"Baba, unaongea na nani?"

Alikuwa na miaka miwili ulipoondoka. Hakukumbuki, mama, na mimi hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nikasema sitamficha.

"Naongea na mama yako. Namwonyesha nyumba."

Akafikiri. Akaingiza mkono wake kwenye wangu, akanivuta kuelekea mlango wa nyuma.

"Hujamwonyesha choo," akasema.

Pumzika vyema huko juu mlimani, Atupele. Tutakuja kukusalimia shule zikifungwa.

Mimi mumeo,
Baba Neema na Tusekile