Asante Niliyoitoa kwa Wigi

Mshauri mpendwa, naomba msaada, na naomba usicheke kabla hujafika mwisho, ingawa mume wangu ameshacheka kwa niaba yenu wote. Mimi ni mama wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Guyana, mkazi wa Brooklyn, nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya Manhattan, na dredi zangu zimefika kiunoni, yaani pale ambapo zamani palikuwa na kiuno. Sasa amekuja meneja mpya, na siku yangu ya kuzaliwa akaniita mbele ya wenzangu, wakaniimbia, tukakata keki, akanikabidhi kisanduku chenye utepe, nikafungua nikakuta wigi, nywele laini za kahawia, nami kwa hofu ya kuonekana sina adabu nikasema asante, tena nikamkumbatia. Kesho yake akanieleza kwa upole kwamba zawadi ile ni ya kuvaliwa kazini, maana wageni wetu hawajazoea "kamba zile". Nikaivaa, Mungu anisamehe, nikafika nayo hadi nyumbani, na mume wangu Lennox akasimama mlangoni akasema, "Samahani mama, mke wangu hayupo, labda urudi jioni." Nilicheka mpaka nikalia, halafu nikaona kilio hakikomi. Nikaivua. Meneja amesema Jumatatu nije nayo, ama nishuke chumba cha kufulia mashuka, kusikofika mgeni. Dredi hizi nilianza kuzisokota mwaka aliokufa mama yangu, na simfichii mtu. Ila Marisol, mwenzangu wa mapokezi aliyekuwepo meneja akisema hayo, ananiambia, "Shangazi, ulisema asante, ukamkumbatia, sote tuliona. Utashtaki zawadi?" Je, nimejifunga kwa ulimi wangu mwenyewe? Au nimrudishie aivae yeye, maana kipara chake kinaihitaji kuliko mimi?

Mama wa Dredi, Flatbush

Mama wa Dredi, usimvishe, ingawa ningelipa kiingilio kuja kutazama. Pole kwa kilio hicho. Lakini nikugombeze kidogo: mtu mzima kama wewe, nani alikudanganya kwamba asante ni sahihi ya mkataba? Ulishukuru zawadi, hukuuza kichwa. Na aliyekupa hakutoa zawadi, alitoa amri akaifunga utepe. Katika jiji hili kumlazimisha mtu mweusi afiche dredi zake ili abaki kazini ni ubaguzi wa rangi, na sheria inaukataza.

Kwa hiyo usingoje Jumatatu. Piga simu leo kwa tume ya haki za binadamu ya jiji, ueleze kama ulivyonieleza mimi. Hawatozi kitu, wala huhitaji wakili. Hiyo "kamba zile" iandike neno kwa neno kabla hujaisahau. Wigi usiigawe, hata Marisol akiitamani, ni ushahidi. Naye Marisol mwambie asante aliyoisikia ataulizwa, na amri aliyoisikia pia ataulizwa, ajiandae kusema zote mbili. Meneja akikuadhibu kwa sababu umelalamika, hilo ni kosa jingine, nalo liripoti.

Jumatatu keti mapokezi na nywele zako. Akikutuma chini, muulize kwa nini, kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu. Kisha nyamaza, umwache ajibu.