Kiazi Kwenye Kopo la Maziwa

Mdogo wangu mpenzi, Chiriku,

Pokea salamu zangu nyingi, nawe uniambie kama kifua kimekuachia, na wifi yangu na watoto wanaendeleaje. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mama yupo. Macho yamekwisha kabisa na chakula ni vijiko vitatu, ila ulimi haujaguswa: juzi alimwambia muuguzi anayekuja kumchoma sindano kwamba ana mkono wa fundi matofali.

Amebaki na ombi moja tu. Anataka kulinusa lile ua lake mara moja kabla hajaondoka. Unalikumbuka, la kijani lenye mdomo wa zambarau, linalochanua mvua zikishika na kutoa harufu ya karafuu asubuhi tu. Alilichimbua kwa bibi siku alipoolewa, na kila mtoto aliyetoka nyumbani alikatiwa kiazi chake. Changu nilikiua mwaka wa kwanza. Wewe chako ukakitia kwenye kopo la maziwa, tukakucheka. La mama mwenyewe nilihamia nalo hapa, kwenye chungu chake.

Kiangazi hiki majani yalianza kuwa manjano, yakalala moja moja. Nikasema haliwezi kunifia mikononi na mama analingoja. Basi kila nikimaliza sala ya asubuhi nikalimwagilia kikombe kizima, jioni kingine, na kuliombea, ingawa hata jina lake silijui, maana siku zote tuliliita ua la mama.

Nikaona nilitafute hilo jina, huenda likaja na dawa. Chuoni ninakofagia kuna chumba cha mimea mikavu, kila mmoja umeshonwa kwenye karatasi ngumu, na mzee anayeitunza tunamwita Bwana Majani. Nilimpelekea jani moja. Alifungua kabati baada ya kabati mpaka akatoa karatasi yenye jani lilelile, lenye mikunjo kama sketi ya shule. Akaniambia ni okidi ya ardhini, tena adimu, ila karatasi ile haina ua, na bila ua hawezi kuapa ni ipi kati ya mbili. Akanisihi nimletee likichanua. Alifurahi mpaka chai yake ikapoa.

Kisha akauliza nalitunzaje. Nikamweleza kwa fahari vikombe vyangu viwili. Akavua miwani. Akaniambia, dada, huo mmea haukuwa unaumwa. Kiangazi huangusha majani ukalala chini ya udongo, na ukilala hautaki hata tone.

Nilirudi mbio nikafukua. Viazi vyote vitatu vilikuwa rojo linalonuka. Nimelizamisha ua la mama kwa mkono huuhuu ninaouinua kumwomba Mungu.

Sasa nikwambie kinachoninyima usingizi, na usimwambie mtu. Rasharasha za kwanza zilipoanguka, mama aliuliza kama limechipua. Nikasema ndiyo, majani matatu. Akataka kuyagusa. Chiriku, niliomba mche kwa jirani, wa majani marefu, laini, yasiyo na mikunjo, nikauchomeka kwenye chungu kilekile nikamshikisha. Alilipapasa jani kutoka shinani hadi nchani, taratibu, akarudia. Akasema ahsante mwanangu, akageukia ukutani. Tangu siku hiyo naanza sala siimalizi.

Leo asubuhi namchana nywele, akaniambia, bila mimi kuanza, nikuandikie wewe nikuulize habari za lile kopo la maziwa. Nami sikuthubutu kumuuliza kwa nini.

Basi ndugu yangu, nakupigia magoti. Kama kopo lipo, hata ukiona udongo mtupu, usilimwage wala usilitie maji. Fukua kwa vidole. Ukikuta kiazi kigumu kama tangawizi, kifunge kwa gazeti kavu umpe mtu wa kuaminika aniletee. Mvua zenyewe zimebakiza wiki chache kushika. Mama sijui amebakiza ngapi.

Wifi na watoto wote wasalimie mmoja mmoja. Mama anakuombea. Nijibu upesi, tafadhali, hata kama kopo halipo.

Ni mimi,
Dada yako