Mkurugenzi kwa Herufi Ndogo

Wewe, nimetoka kwa mkurugenzi wa hospitali sasa hivi.

Unakumbuka wagonjwa wetu walioandika "/Majibu" kwenye anwani ya tovuti yetu kwa M kubwa, kama barua za hospitali zinavyosema, wakaambiwa ukurasa haupo? Juzi niliweka mstari mmoja kwenye seva: anwani yenye herufi kubwa ipelekwe kwenye ile ya herufi ndogo. Malalamiko yakakoma.

Leo mkurugenzi akafungua ukurasa wake, "/Mkurugenzi", akaona imegeuka "/mkurugenzi".

"Umenifanya mdogo!"

Mdogo! Nilidhani anatania.

"Mzee, ni anwani tu. Cheo chako ukurasani kiko vilevile."

"Wewe uliyejifunzia kompyuta jikoni kwenu ndiye wa kunishusha? Ondoa huo mstari, au uondoke wewe."

Unanijua, sipandishi sauti. Nikamwambia, "Siondoi. Kuna mama aliyetafuta majibu ya vipimo vya mwanawe siku tatu kwa sababu ya M moja."

Nikamgeuzia kompyuta yangu. "Mstari ndio huu, mzee. Ufute kwa mkono wako."

Akakodolea kioo macho. Akatazama kibodi. Kisha akaniambia nifunge mlango nikitoka.

Nimeufunga, tena polepole. Mstari upo.