Saumu Zako za Safari, Shangazi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua huko uliko huhitaji salamu zangu, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtoto asiyeamkia hana la kusikilizwa. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni pa choo cha stendi. Usicheke. Ndiyo kazi yangu, mwaka wa tatu sasa: nafagia, napiga deki, nahakikisha maji yapo, na funguo zote ninazo mimi. Ungekuwepo ungesema, "Basi umepata cheo, mwanangu," halafu ungecheka mpaka cherehani chako kitikisike.

Nakukumbuka pale Kanyenye, barazani kwa babu, na kile cherehani cha mkono. Miguu iliacha kukutumikia ulipougua ukiwa mtoto, lakini mikono yako ilifanya kazi ya watu wawili: wa kulia unazungusha gurudumu, wa kushoto unasukuma kitambaa, na mdomo nao unasema watu. Ukimaliza unapanda baiskeli yako ya magurudumu matatu, unaizungusha kwa mikono hiyohiyo hadi sokoni. Pasipopitika kwa baiskeli ulivaa ndala mikononi ukatambaa, na ole wake atakayekuonea huruma kwa sauti. Mtu akiniuliza mimi, "Huyu mama anataka nini?" ulidakia mwenyewe: "Muulize mwenye shida. Kilichokufa ni miguu, mdomo mzima."

Lakini zaidi ya yote nakumbuka safari zetu za Nzega. Ndugu zetu wa kule walikuwa hawaishi harusi, na kila safari mimi ndiye niliyepewa kazi ya kufuatana nawe. Asubuhi mama anaweka mezani chai ya maziwa iliyotiwa asali, na mihogo, sote tunakula, wewe umekaa pembeni unafunga ushungi.

"Shangazi, karibu chai."

"Nimefunga."

Jumatatu umefunga, Jumatano umefunga, Jumamosi umefunga. Ukiulizwa ni saumu gani, unasema unalipa siku zako za Ramadhani. Mimi msichana mjuaji nilikaa nikawaza, huyu shangazi anadaiwa siku ngapi, mbona umri wa kudaiwa umeshampita? Lakini nani angethubutu kukuuliza hivyo, tena wewe?

Baba alijivuna kwa ajili yako. "Msafiri ana ruhusa ya kula," aliwaambia majirani, "lakini mdogo wangu hataki ruhusa." Harusini, watu wakikuletea maji, yeye ndiye aliyewazuia: "Mwacheni, amefunga." Nimeliona hilo kwa macho yangu, si mara moja. Jagi linakuja, linafika karibu yako, mkono wa baba unalirudisha. Wewe unatazama chini na kutabasamu. Sote tukaamini ni tabasamu la ucha Mungu.

Halafu ikaja ile Jumapili tuliyokuwa tunarudi wawili tu. Bibi yetu wa Nzega, aliyekuwa hasikii vizuri, hakuwa na habari za saumu zako. Alikuwekea kikombe cha chai mkononi mbele ya watu. "Kunywa, mayu, kunywa mama, safari ndefu." Nani amkatalie bibi kizee kwake? Ulikunywa, akajaza tena, ukanywa tena. Nilishangaa jinsi ulivyoshika kile kikombe, kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea kitu alichokuwa amenyimwa.

Tukafika stendi, basi halijaja. Nikakuacha kwenye benchi na mizigo, nikaenda msalani. Foleni ya wanawake ilikuwa imetoka nje hadi juani. Mwishoni mwa jengo kulikuwa na chumba kipana, mlangoni pamechorwa kiti cha magurudumu, na hakuna mtu. Nikajiambia dakika moja tu. Nikaingia, mimi mwenye miguu yangu miwili mizima, na nikiri yote leo: sikukaa dakika moja. Kulikuwa na kioo. Nilifunga khanga upya, nikajipaka mafuta, nikaanza kutengeneza nyusi. Mlango ukagongwa mara mbili, taratibu. Nikajibu, "Kuna mtu," nikaendelea na nyusi zangu.

Nilipofungua nilikukuta wewe, sakafuni, ndala mikononi, na gauni limelowa.

"Umemaliza, mwanangu?"

Ndicho pekee ulichosema. Hukukasirika. Laiti ungenipiga.

Nilikusaidia kubadilisha nguo, nikizungumza mambo yasiyo na kichwa wala miguu kwa aibu. Basi likaondoka, mji ukabaki nyuma. Kisha ukaniambia bila kunitazama: "Mimi sina saumu. Mimi naogopa vyoo."

Ukanieleza yote, kwa ile sauti yako ya kupima nguo. Kwamba baiskeli yako haiingii basini, kwa hiyo safarini ni kutambaa. "Viganja vyangu ndivyo nyayo zangu. Wewe ungekanyaga pale peku, halafu ukae kula na nyayo hizohizo?" Kwamba penye chumba kipana utakuta wamejaza mifagio, au kuna kufuli, na mwenye ufunguo ameenda kunywa chai. Kwamba ukibahatika kikiwa wazi, yumo mtu mzima wa afya. Hapo ulinishika mkono, nadhani ili nisilie. Na kwamba watu wema ndio uliowaogopa zaidi, maana wao hukunyanyua kwanza na kuuliza baadaye. Siku moja wanaume wawili wenye imani zao walikubeba mbiombio wakakutua upande wa wanaume. Tulicheka hapo, shangazi, tulicheka mpaka kondakta akageuka. Kisha wewe ukaacha kucheka kabla yangu.

"Kwa hiyo siku ya safari sinywi," ukasema. "Na usimwambie baba yako. Anajivunia."

Niliahidi. Nimeitunza siri hiyo hata siku za matanga yako, watu walipokaa kwenye jamvi wakisimulia saumu zako. Baba alilia aliposikia. Mimi nilinyanyuka nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Sasa nikueleze habari za huku. Choo changu nacho kina chumba chenye mchoro ule. Nilipoanza kazi nilikuta kimejaa mifagio, ndoo zilizotoboka na matofali yaliyobaki kwenye ujenzi. Nikatoa vyote, nikang'oa kufuli. Msimamizi wetu si mtu mbaya, ila anapenda kila kitu kiwe na kazi. "Hao watu wenyewe hawaji, dada," aliniambia tena mwezi huu. "Chumba kinakaa bure. Mwisho wa mwezi turudishe vyombo vyetu." Nikamjibu kwamba hawaji kwa sababu wametoka nyumbani hawajanywa hata tone. Akaniona nina maneno mengi. Na wenye miguu yao hawachoki kuomba: "Niruhusu, dakika moja tu." Dakika hiyo naijua. Nilishaikaa.

Baba alipata kiharusi mwaka jana. Yupo, akili zake timamu, mkono wa kulia una nguvu, ila anakwenda kwa kiti cha magurudumu. Jumanne iliyopita tulikuwa na harusi Nzega, ya mjukuu wake, na mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kazini ili nimpeleke. Asubuhi nikampelekea chai ya maziwa na asali.

"Nimefunga," akasema, akitazama ukutani.

Nikakiweka kikombe chini. Saumu gani hiyo ya mtu mwenye dawa za kumeza na chakula? Lakini si dawa zilizonistua. Ni sauti. Ilikuwa sauti yako kabisa.

Nisamehe, shangazi, nikavunja ahadi. Nilikaa kitandani kwake nikamweleza yote: bibi na chai yake, kioo, nyusi zangu, gauni lako. Alinisikiliza bila kunikatiza, yeye ambaye humkatiza hata imamu.

"Miaka yote ile?" akauliza.

"Miaka yote."

"Na mimi ndiye niliyekuwa narudisha jagi."

Ni kweli, na nikakisogeza kikombe karibu yake. Akanyoosha mkono akakichukua. Chai ilikuwa imepoa. Akainywa yote, na dawa juu yake.

Kabla ya kupanda basi nikampitisha kwenye choo changu. Nilikausha sakafu kwanza, kisha nikamuuliza kama ulivyotaka uulizwe: "Baba, nikusaidie wapi, na wapi nikuache?"

"Nifikishe kwenye vile vyuma vya kushikia, halafu utoke."

Nikatoka, nikasimama mlangoni. Alikawia. Akaja kijana mmoja mwenye begi, akanyanyua mkono agonge. Nikamwambia, "Usigonge, mwanangu. Yumo mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye chumba. Hatuna haraka naye."

Msimamizi alikuwa amesimama pale, mkononi ana mifagio miwili aliyokuwa anakuja kuirudisha kabla hata mwezi haujaisha. Alisikia, na kutoka ndani alisikia baba akikohoa na kufungua maji. Akasimama kidogo, kisha akageuka na mifagio yake akaenda zake. Hajasema neno tangu siku hiyo, na mimi simkumbushi.

Baba alipotoka, uso umemlainika, aliomba maji ya kunywa. Nikampa kikombe, akamaliza. Akaomba kingine. Nikamwambia basi linakaribia, akasema lisubiri. Alikunywa polepole, na alipomaliza alikaa amekishika kile kikombe kitupu.

"Mwandikie shangazi yako," akaniambia. "Mwambie leo kaka yake amekunywa maji safarini. Na yale niliyokuwa namrudishia, anisamehe."

Ndiyo sababu ya barua hii. Nimeiandika wazi ili na wengine waisome, maana wapo wanaosifiwa saumu leo hii kwenye mabasi yetu, na huenda aliyekaa jirani yao ndiye anayerudisha jagi. Nikimaliza kuandika nitapiga deki kile chumba, nitakikausha kama vile wewe ndiye utakayeingia. Nimekukumbuka sana, shangazi yangu. Kaa kwa amani, na ukipewa kikombe huko, kunywa.

Mimi mtoto wa kaka yako,
niliyekuchelewesha mlangoni.